Wanaosoma Viota vya Gorila

Kila jioni gorila aliyekwisha kuacha ziwa hujitengenezea kiota kipya. Huketi, huvuta matawi na majani ya pembeni, huyakunja na kuyakalia, na baada ya dakika chache kazi imekwisha. Asubuhi hukiacha, na kwa kawaida harudi tena kukilalia. Kwa wafuata nyayo wa Hifadhi ya Taifa ya Kahuzi-Biega, mashariki mwa Kongo, kiota hicho kilichotupwa ni ukurasa wa kitabu, nao ni wasomaji hodari kuliko wengi wetu tuliopitia shule.

Mnyama wanayemfuata ni gorila wa Grauer, mkubwa kuliko gorila wote. Dume lililokomaa huweza kuzidi kilo 200. Porini haishi kwingine ila mashariki mwa Kongo. Katikati ya miaka ya 1990 walikadiriwa kuwa karibu 17,000. Zikafuata vita, silaha zikazagaa, wachimbaji wa madini ya koltani wakapiga kambi ndani ya misitu na kula nyama ya walichokiona, na mwaka 2016 watafiti wakatangaza makadirio ya 3,800 tu. Hesabu ya mwaka 2021, iliyofika maeneo mengi zaidi, ilipandisha makadirio hadi 6,800, lakini bado gorila huyu yumo katika daraja la walio hatarini kabisa kutoweka. Hifadhi yenyewe ina kilomita za mraba 6,000 hivi kwenye ramani. Kwenye udongo ni vipande viwili, cha milimani na cha bondeni, vilivyounganishwa na ukanda mwembamba ambao mashamba yameumega huku na huku.

Siku ya mfuata nyayo huanzia mahali kundi lilipoachwa jana. Si karibu na hapo, ni pale pale. Gorila wanaopita kwenye majani marefu huyalaza kuelekea walikokwenda, na upande wa chini wa jani, ule uliofifia rangi, hubaki umetazama juu. Penye umande uliopukutika pamepitwa asubuhi hiyo. Bua lililomenywa ambalo bado linatoa maji limeliwa sasa hivi. Likishageuka la kahawia ni la zamani. Penye tope huonekana alama za vifundo vya vidole, maana gorila hutembea akiegemea vifundo. Mvua zinapochipusha mianzi, makundi ya milimani huifuata huko, na anayewafuata anapaswa kujua kalenda hiyo kabla hata hajainama kutazama chini. Panga hutumika kwa kujizuia, kwani kila tawi linalokatwa ni kelele.

Ninachokistaajabia kuliko vyote ni subira ya kurudi nyuma. Alama zikipotea, fundi hasongi mbele kwa kubahatisha. Anarudi hadi alama ya mwisho aliyokuwa na hakika nayo, anaizunguka kwa duara, kisha duara pana zaidi, mpaka jani moja liseme. Mimi ningeshatangaza kwamba kundi limehama.

Halafu anafika penye viota, na hapo kazi inakuwa ya kihasibu. Gorila hujisaidia kitandani, jambo ambalo kwa mwanasayansi ni neema kubwa. Upana wa kinyesi huonyesha umri wa mwenye kiota: cha dume kubwa huzidi sentimita 7, tena kiota chake huwa na manyoya yenye mvi yaliyodondoka mgongoni. Kinyesi kidogo kikiwa kando ya kikubwa katika kiota kimoja, hapo amelala mama na mwanawe. Kwa sensa, viota vya usiku mmoja havitoshi, kwa sababu kimoja huweza kufichwa na majani. Wahesabuji hulifuata kundi moja hadi wapate viota vya siku tatu mfululizo, wakalinganisha. Takwimu tunazozisoma ofisini huanzia hapo, kwa mtu aliyepiga magoti akipima kinyesi.

Viota husema na mengine. Kwa kawaida gorila wa Kahuzi hulala chini. Mtafiti Mjapani Juichi Yamagiwa, aliyewachunguza kwa miaka mingi, aligundua kwamba makundi yaliyopoteza dume lao yalizidi kulala juu ya miti, kwa kuwa mlinzi hayupo tena. Kwa hiyo mfuata nyayo akiona viota vimepanda mitini ana sababu ya kuhofia kilichotokea, hata kabla mzoga haujaonekana.

Kuwafikia wenyewe ni adabu zaidi kuliko ujasiri. Mtangulizi hutoa mngurumo mzito wa kooni, ule gorila wanaopeana wakiwa wametulia, ili dume lijue anayekuja ni nani. Kisha watu hubaki mbali, barakoa usoni, kwa sababu mafua yetu huweza kuwaua. Wakirudi hukagua vichaka na kung'oa mitego ya waya. Imetegewa paa na nguruwe, lakini haichagui mkono.

Ufundi huu una wenyewe. Mbelgiji Adrien Deschryver, mwanzilishi wa hifadhi hii iliyotangazwa mwaka 1970, aliwazoesha gorila kuona watu akiongozwa na Watwa, wawindaji waliouishi msitu huo vizazi kwa vizazi. Katika miaka hiyo hiyo ya 1970 Watwa walifukuzwa humo bila fidia. Wachache waliajiriwa kufuata nyayo; wengine wakabaki kando ya msitu bila ardhi. Tangu mwaka 2018 baadhi yao walirudi kwa nguvu, miti ikakatwa kwa ajili ya makaa, na damu ikamwagika kati yao na walinzi.

Mwaka 2024 ulichapishwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu kwamba Kongo ilikiuka haki za Watwa wa Kahuzi-Biega. Nauunga mkono, na si kwa ajili ya haki peke yake. Kusoma msitu hakufundishwi kwa warsha ya wiki mbili. Mtoto hukipata kipaji hicho akitembea nyuma ya mzee wake, na mtoto aliyelelewa nje ya msitu hukikosa, hata ukimpa kifaa cha satelaiti mkononi. Wapangaji wa bajeti za uhifadhi wawaajiri wazee hao kama walimu, kwa mshahara wa mwalimu, wakati bado wana nguvu za kupanda mlima.