Redio ya Watu: Watu Wepi?

Kituo cha Clouds FM cha Dar es Salaam hujiita "Redio ya Watu". Kada hawezi kulipokea jina hilo bila kulichambua. Neno "watu" ni tamu, na mara nyingi utamu wake huficha mambo matatu: nani anamiliki, nani anafanya kazi, na nani anakula matunda ya kazi hiyo. Hayo ndiyo tunayotaka kuyauliza hapa, bila chuki na bila woga.

Tuanze na historia. Redio ilianza Tanganyika mwaka 1951 kwa Sauti ya Dar es Salaam, chombo cha mkoloni. Mwaka 1965 Serikali ilianzisha Radio Tanzania Dar es Salaam, na kwa karibu miaka thelathini Tanzania Bara haikuwa na redio nyingine. Kiswahili kilikuzwa, bendi zetu zilirekodiwa, na wapigania uhuru wa kusini mwa Afrika walipata pa kusemea. Hayo ni mafanikio yasiyofutika. Lakini tujikosoe. Mwanamuziki wa bendi alipata ujira mdogo wa kurekodi. Baada ya hapo wimbo wake ulipigwa miaka nenda miaka rudi naye hapati senti. Na vijana wa mjini walipoanza kughani kwa Kiswahili, wengi wetu tuliwaita wahuni. Pengo hilo tulilichimba wenyewe.

Mtaji binafsi ndio uliolijaza. Baada ya Azimio la Zanzibar la mwaka 1991 kulegeza masharti ya uongozi, sheria ya utangazaji ya mwaka 1993 ilifungua mlango kwa redio za watu binafsi. Radio One ilianza mwaka 1994, na vipindi vyake vya vijana vilipiga nyimbo ambazo hazikuwa na pa kwenda. Clouds ya Joseph Kusaga, iliyoanza kama disko, ilipata kwanza studio ya Mawingu, kisha redio mwishoni mwa miaka hiyo ya 1990. Pamoja na Ruge Mutahaba, aliyefariki mwaka 2019, ilijenga soko la bongo fleva: redio, tamasha la Fiesta mikoani, na Tanzania House of Talent, iliyofundisha vijana wasio na kitu. Kijana wa uswahilini alijisikia hewani kwa lugha yake mwenyewe. Mkosoaji asiyekiri jambo hilo ana kasumba tu.

Sasa tuutazame mgongano wenyewe. Mwenye redio ndiye pia mwenye jukwaa. Wimbo usiposikika hewani, msanii haitwi jukwaani. Asipoitwa jukwaani, hali. Katika hali hiyo mapatano si ya watu walio sawa. Mwaka 2011 kundi la wasanii, akiwemo Joseph Mbilinyi (Sugu), lilitoa nyimbo za Anti-Virus kuulalamikia utaratibu huo. Baadaye pande hizo zilipatana. Lakini mapatano ya watu wawili hayabadili mfumo.

Twende Kariakoo tuone mwisho wa mnyororo. Zamani msambazaji wa kanda alimlipa msanii mara moja, na msanii hakujua nakala ngapi zilitolewa. Kanda zikafa, vikaja vibanda vya kuingiza nyimbo kwenye simu. Muuza viatu hufungulia redio kuvuta wateja. Redio huuza tangazo kwa sababu wateja wanasikiliza. Kila mmoja katika mnyororo huo ana fungu lake, isipokuwa aliyetunga wimbo.

Sheria ya Hakimiliki tunayo tangu mwaka 1999, na COSOTA ipo kuisimamia. Hata hivyo, mgao wa mirabaha wa Januari 2022 ulikuwa takriban shilingi milioni 312 kwa wasanii 1,123. Gawanya, ndugu msomaji: ni chini ya laki tatu kwa kila mmoja. Hiyo ndiyo thamani tuliyoipa jasho lao.

Je, dawa ni kutaifisha? Hapana. Tumekwisha kuona kwamba redio ya umma nayo ilipiga nyimbo bila kulipa. Kubadili mwenye mali bila kubadili uhusiano wa kazi ni kumbadilishia punda mpanda farasi. Dawa ni wavujajasho wenyewe kujipanga: vyama vya wasanii viwe na nguvu ya kukaa mezani, kila mkataba usomwe kabla ya kutiwa saini, na kila kituo, cha umma na cha binafsi, kitoe orodha kamili ya nyimbo kilizopiga na kuzilipia. Kada aliye Kariakoo aanze na msanii wa mtaa wake: amuulize kama amesajili kazi zake.

Siku hesabu hiyo itakapokuwa wazi, jina "Redio ya Watu" litakuwa halali. Kabla ya hapo ni tangazo la biashara.