Springi Iliyolala

Mai Mahiu iko pale barabara ya kutoka Limuru inapomaliza kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa na kugawanyika, moja ikielekea Narok, nyingine Naivasha. Mateka wa vita Waitaliano waliojenga barabara hiyo waliacha kando yake kikanisa cha mwaka 1942. Dereva wa lori hukipita bila kugeuza shingo. Akili yake iko kwenye breki na springi. Kwa sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki, ekseli moja yenye magurudumu manne huruhusiwa kubeba tani 10, na mzigo huo hukalia mabamba machache ya chuma yaliyopangwa, refu juu, fupi chini. Yakilala, yaani yakipoteza mkunjo wake, fundi wa springi ndiye huyaamsha.

Chuma chenyewe ni cha aina yake. Kiwandani huchanganywa na silikoni na manganizi, au kromi, kisha hupitishwa kikiwa cha moto kati ya rola mpaka kiwe ukanda wenye unene sawa. Hupashwa hadi karibu nyuzi 900, hutumbukizwa kwenye mafuta kikakamaa, halafu hupashwa tena kwa moto wa chini zaidi ili kisikatike kama kioo. Fundi mzuri anajua kwamba kazi hiyo yote inaweza kuharibiwa na karai moja la makaa. Kwa hiyo bamba lililolala tu halipeleki motoni.

Lori hupigwa jeki na kuwekewa magogo. Nati za yuboliti hulegezwa kwa spana iliyovishwa bomba refu, na kabla boliti ya katikati haijatolewa, mabamba hutiwa alama za chaki pembeni yasije yakachanganywa. Kila moja husuguliwa kwa brashi ya waya. Hupakwa mafuta ya taa, hufutwa, hupakwa chaki. Penye ufa, mafuta hurudi juu na kuchora mstari mwembamba mweusi. Bamba hilo halina dawa, hata mwenye lori akibembeleza.

Lililo zima hulazwa juu ya fuawe yenye pengo, upande wa ndani ukitazama juu, ncha moja ikishikwa na msaidizi. Nyundo hutua juu ya pengo, mara moja. Bamba husogezwa upana wa vidole viwili hivi, nyundo hutua tena. Mapigo hufuatana hivyo kutoka karibu na ncha hadi katikati, kisha bamba hugeuzwa na kazi kuanza upande wa pili. Hakuna pigo linalokunja chuma waziwazi. Mkunjo hujengeka kidogo kidogo, na ukiangalia pigo moja moja utadhani mtu anapoteza nguvu zake. Fundi husimama, huinua bamba usawa wa jicho, hulilinganisha na la upande wa pili wa lori, hulirudisha kupigwa mara mbili au tatu zaidi.

Hapa ndipo nilipomvulia kofia. Bamba fupi lazima likunjwe zaidi kidogo kuliko refu lililo juu yake, ili yakipangwa katikati pabaki mwanya. Boliti inapokazwa, mwanya hufunga na mabamba hukumbatiana. Bamba refu hupunguziwa mkazo hata kabla ya shehena kupakiwa. Mwanya ukikosekana, la juu hulemewa na hukatika mapema. Ukizidi, mafupi ndiyo huumia. Fundi huupima kwa jicho na ncha ya kidole.

Mwishoni hupaka grisi yenye grafiti, hukaza boliti ya katikati, hurudisha springi kwenye ekseli na kukaza yuboliti kwa zamu, pembe kwa pembe. Dereva, usiishie hapo. Mabamba yakishabeba mzigo hukaa sawa na nati hulegea, kwa hiyo ukiwa umetembea kidogo na shehena, simama uzikaze tena kabla hujafika Nakuru.