Hamsini za Shaaban Robert

Marehemu Shaaban Robert, Mungu amrehemu, alizaliwa mwaka 1909. Kitabu chake, Maisha Yangu na Baada ya Miaka Hamsini, chatangaza umri tangu jaladani, na hilo ndilo nilipendalo. Ila jina hilo laifanya hamsini kizingiti cha uzee, na mwenyewe, aliyefariki 1962, hakujaaliwa kuivuka ila kwa mitatu.

Nami wa sitini na kitu, kijana aliponiita babu sokoni hapa Matai, nilinuna. "Mzee" naipokea, kwani huitwa hata kijana mwenye cheo, "babu" ilinichoma. Na Surat Maryam naisomesha mimi mwenyewe, ambamo Nabii Zakaria azitaja mvi zake akimwomba Mola mtoto! Jana kijana yule kaniita tena. Nimeitika.