Kana Nzuri Hutambuliwa Chini ya Udongo

Airisi zenye ndevu, fahari ya bustani za Ulaya, zingetuletea hapa Koboko, Uganda, majani tu. Bila majira ya baridi hazitoi maua ipasavyo, tena tunguu lake hutaka mgongo wake uote jua, wakati mvua zetu za Agosti hazina huruma na kitu kilicho wazi. Hapa mpakani, ua la kushughulika nalo ni kana, jamaa wa mgomba na tangawizi.

Wengi huichagua kwa rangi. Rangi hudanganya. Vile vipande vipana vyekundu au vya manjano tunavyovisifu ni stameni zilizogeuka umbo. Petali zenyewe ni nyembamba, zimejificha nyuma. Ua moja halidumu, kwa hiyo hesabu matumba yaliyobaki kwenye bua. Bua lenye ua moja kubwa na matumba mawili yaliyonyauka halifai kuchaguliwa.

Wala usiombe mbegu. Kana za maua mapana ni machotara: Théodore Année alianza kuzichanganya Ufaransa mwaka 1848, baadaye Crozy wa Lyon akazipa umaarufu. Mbegu yake ngumu nyeusi huzaa mtoto asiyefanana na mama. Omba tunguu.

Tunguu zuri ni zito mkononi. Likikatwa, ndani ni jeupe na lina unyevu; lenye doa jeusi linalonuka liache hapohapo. Chagua kipande chenye macho mawili au matatu yaliyonenepa. Ukubwa wa tunguu si hoja, macho ndiyo hoja.

Lakini kabla ya kuchimba, tazama majani ya shina mama. Michirizi ya manjano inayofuata mishipa, au majani yaliyojikunja na kudumaa, ni dalili ya virusi, navyo havina dawa. Muuzaji atasema ni njaa ya udongo. Huenda ni kweli, ila mimi singechukua. Virusi hivyo huenda na tunguu, na vingine husambazwa na vidukari. Hata panga lililogawa fungu gonjwa lisafishwe kwanza.

Mvua za Machi au Aprili zikishika, laza tunguu kina cha sentimita 10 hivi, macho yakitazama juu, nafasi ya sentimita 60. Kana ni mlafi: samadi iliyooza, maji, jua la kutosha, na uzio, maana mbuzi huyapenda majani yake. Bua likimaliza maua, likate hadi chini. Halichanui tena, linanyonya tu.

Kiangazi cha Desemba kitaikausha juu. Usiing'oe, tunguu hulala, mvua zikirudi huchipua. Fungu likibanana na katikati pakabaki patupu, chimbua ugawe. Jirani mpe vipande vya pembeni vyenye macho mapya. Vya katikati, vikongwe na vikavu, vitupe.