Mtandao, Mfumo na Mawimbi: Masahihisho Machache katika Habari za Kompyuta na Simu

Msimu wa ununuzi wa pamba ulipokuwa umeanza, nilikuwa katika ofisi moja mjini Bariadi nikisubiri kupewa namba ya kumbukumbu ya malipo ili nilipie ada ndogo. Mbele yangu alikuwapo mzee aliyetoka Mwanhuzi, wilayani Meatu, kwa shida kama yangu. Kijana wa mapokezi alimwamkia, kisha akasema kwa adabu: "Samahani, mzee, leo hakuna mtandao." Mzee akatoa simu yake ya vitufe, akaitazama, akasema: "Mbona huku mtandao upo, mwanangu? Sasa hivi nimezungumza na nyumbani." Kijana akajibu: "Si huo, mzee. Ni mtandao wa ofisi." Mzee akauliza kama mtandao huo ungerudi mchana au kesho, na kama ingefaa alale mjini au arudi kwake. Kijana hakuwa na jibu, na sidhani kuwa kosa lilikuwa lake. Neno alilopewa halikumwezesha kujua kilichoharibika, sembuse kumweleza mwingine.

Tukio hilo ni dogo, lakini hurudiwa kila siku katika ofisi, maduka na vituo vya ununuzi wa mazao mkoani Simiyu na kwingineko nchini. Chanzo chake si kijana yule. Neno "mtandao" amelipokea kutoka magazetini, redioni na katika matangazo ya ofisi, ambamo hutumika bila mpaka. Katika makala haya nakusudia kuonyesha kwamba habari za ufundi zinapokiita kila kitu kwa jina moja, msomaji hupoteza zaidi ya usahihi wa maana. Hupoteza pia njia ya kujua ni nani anayepaswa kuulizwa.

1. Mizigo ya neno moja

Tukichunguza habari za kompyuta na simu zinazoandikwa siku hizi, tutaona kwamba "mtandao" hutajwa kwa maana tano, kwa uchache. Kwanza, ni mawimbi yanayounganisha simu na mnara: "kijiji hiki hakina mtandao". Pili, ni kampuni yenye minara hiyo: "dakika za mitandao yote". Tatu, ni intaneti: "taarifa zinapatikana mtandaoni". Nne, ni programu na mashine ambamo ofisi huhifadhi kumbukumbu zake na kutolea ankara: "mtandao wa malipo haufanyi kazi". Tano, ni majukwaa ambamo watu huzungumza na kupashana habari, yaitwayo mitandao ya kijamii. Hapo sijataja mtandao wa barabara, mtandao wa mabomba ya maji, wala mtandao wa wezi wa mifugo.

Hapana lugha isiyokuwa na neno lenye maana nyingi, na kwa kawaida muktadha humsaidia msikilizaji. "Kaa" la moto na "kaa" wa baharini hawagongani. Lakini maana nne za kwanza nilizozitaja hukutana mahali pamoja, katika kifaa kimoja, na aghalabu katika sentensi moja. Hapo muktadha hausaidii. Mzee wa Mwanhuzi na kijana wa mapokezi walikuwa katika muktadha mmoja, na bado kila mmoja alikuwa akisema jambo lake.

2. Kazi ya mfumaji

Inashangaza kwamba tunachanganya mambo ambayo lugha yenyewe ilikwisha kuyatenganisha. "Mtandao" linatokana na kutanda, yaani kuenea au kunyoosha kitu kiwe kimesambaa. Mfumaji wa nguo hutanda nyuzi kwanza, na nyuzi hizo huitwa mtande. Baada ya hapo ndipo hufuma, yaani huzipitisha nyuzi nyingine kati ya zile zilizotandwa mpaka nguo itokee. Kutokana na kufuma tunapata "mfumo". Maneno haya mawili yametoka katika karakana moja, lakini hayatendi kazi moja.

Basi tuitazame ofisi ile ya Bariadi kwa macho ya mfumaji. Nyaya, minara na mitambo inayounganisha ofisi na nyingine ni nyuzi zilizotandwa. Huo ni mtandao. Programu inayopokea jina la mlipaji, ikakokotoa deni na kutoa namba ya kumbukumbu, ni nguo iliyofumwa juu ya nyuzi hizo. Huo ni mfumo. Nyuzi zaweza kuwa nzima na nguo ikawa imechanika. Yaweza pia kuwa nguo ni nzima lakini nyuzi zimekatika njiani, na aliye Bariadi asiifikie. Katika hali ya kwanza wa kuulizwa ni ofisi yenye mfumo. Katika hali ya pili ni kampuni yenye njia ya mawasiliano. Afisa anayesema "hakuna mtandao" wakati mfumo wa ofisi yake ndio ulioharibika, amekwisha kupeleka lawama kwa mtu mwingine, pengine bila kukusudia.

Ni vema pia tuitazame simu ya mzee. Mtu anapobonyeza nyota na namba ili atume fedha kwa simu ya vitufe, hatumii intaneti. Maagizo yake hupita katika njia ya mawasiliano ya simu yenyewe, na ndiyo sababu asiye na kifurushi cha intaneti huweza kutuma na kupokea fedha. Kwa hiyo mzee alisema kweli kwamba kwake mtandao upo, na kijana naye alisema kweli kwamba haupo. Wasema kweli wawili walishindwa kuelewana kwa sababu ya neno.

3. Mfano wa mwezi Mei 2024

Mfano mkubwa zaidi tuliupata tarehe 12 Mei 2024. Siku hiyo nyaya mbili zipitazo chini ya bahari, EASSy na SEACOM, ziliharibika katika eneo la kati ya Msumbiji na Afrika Kusini. Intaneti ikadhoofika au kutoweka kabisa katika Tanzania na nchi kadhaa za jirani, na ilichukua siku kadhaa hali kutengemaa.

Kilichoharibika kilikuwa njia ya kutoka nchini kwenda kwenye intaneti ya dunia. Simu inayopigwa kutoka Bariadi kwenda Maswa hupita katika minara na mitambo iliyomo nchini. Kwa kawaida haihitaji waya wa baharini. Habari iliyosema "intaneti imedhoofika kwa sababu nyaya za baharini zimeharibika" ilimpa msomaji alichohitaji: alijua kilichoharibika, mahali, na kwamba mtengenezaji wa simu wa mtaani kwake hakuwa na la kufanya. Iliyosema "mtandao haupo" ilimwacha azime na kuwasha simu yake, atoe laini na kuirudisha, kisha anunue kifurushi kingine ambacho hakingemfaa kitu.

4. Imekatika, imekatwa, imezimwa

Kosa jingine limo katika vitenzi. Kiswahili kina kauli ya kutendeka na kauli ya kutendwa, na mtoto wa shule ya msingi huzijua zote mbili. Kamba iliyokatika imechakaa au imelemewa. Kamba iliyokatwa ina mkataji. Katika habari za ufundi tofauti hii yaelekea kusahauliwa, na kila huduma isiyopatikana husemwa kwamba "imekatika".

Waya ukiliwa na kutu, mawasiliano yamekatika. Mwenye trekta akiulima waya uliofukiwa, yamekatwa. Mamlaka au kampuni ikiyasimamisha kwa uamuzi wake, yamezimwa au yamefungwa. Intaneti ilipokosekana nchini kwa siku kadhaa kuanzia siku ya uchaguzi mkuu, tarehe 29 Oktoba 2025, haikukatika, ilizimwa. Msomaji aweza kuona kwamba uamuzi ule ulikuwa na sababu, au kwamba haukuwa nayo. Hilo ni lake kulipima, lakini hawezi kulipima iwapo kitenzi kimeshamwambia kuwa hapakuwa na mtendaji.

Kuhusu usemi "mfumo uko chini", itoshe kusema kwamba ni tafsiri ya neno kwa neno isiyo na haja. Mfumo haupandi wala haushuki. Mfumo haufanyi kazi, umekwama, umeharibika au umesimamishwa ili ufanyiwe matengenezo. Na kila kimojawapo humwambia mwananchi jambo tofauti kuhusu muda atakaosubiri.

5. Kudukuliwa na kutapeliwa

Neno la tatu ninalotaka kulisahihisha ni "kudukua". Lina undugu na "kudukiza", yaani kutega sikio ili kusikiliza siri za wengine, na limechukuliwa vizuri kwa maana ya kuingia katika mfumo au simu ya mtu bila idhini, kwa kupenya ulinzi wake. Lakini sasa kila mtu anayepoteza fedha kwa njia ya simu huandikwa kwamba "amedukuliwa".

Tufikirie mkulima wa pamba wa Itilima ambaye malipo yake yameingia katika simu. Akipokea ujumbe wa mtu anayejifanya ndugu yake na kumtaka atume fedha kwa namba nyingine, naye akatuma, hakudukuliwa; ametapeliwa. Akipigiwa simu na mtu anayejiita mtumishi wa kampuni, naye akaitaja namba yake ya siri, pia ametapeliwa. Lakini mtu akiuvunja ulinzi wa mfumo wenyewe wa fedha na kutoa salio la mkulima bila yeye kugusa simu, huko ndiko kudukua.

Tofauti hiyo haiishii katika kamusi. Mfumo ukidukuliwa, wa kwanza kujibu ni mwenye mfumo, kwa kuwa ulinzi ulikuwa dhamana yake. Mtu akitapeliwa, wa kutafutwa ni mwenye namba iliyopokea fedha. Naye aweza kutafutwa, maana laini nchini husajiliwa kwa alama za vidole, na zile ambazo hazikusajiliwa hivyo zilianza kufungwa mwezi Januari 2020. Mwandishi anayeandika "amedukuliwa" mahali pa "ametapeliwa" huogofya wasomaji kuhusu kompyuta wasizozijua, na husahau kuwaonya wasimtajie mtu namba zao za siri.

6. Pingamizi na mapendekezo

Yaweza kusemwa kwamba matumizi ya watu ndiyo hakimu wa lugha, na kwamba neno likisha kuenea halirudishwi kwa makala. Nakubali sehemu ya kwanza. Lakini tukiwasikiliza watu wenyewe tutaona kwamba wameanza kutenganisha. Vijijini Simiyu, ambako kwa wengi lugha ya kwanza ni Kisukuma na Kiswahili huja baadaye, nimesikia "netiweki" likitumika kwa mawimbi ya simu pekee: "netiweki inashika pale kwenye mwamba". Wananchi hao hawakungoja kamati. Walihitaji neno jembamba, wakachukua lililokuwa karibu.

Wala si kweli kwamba maneno mapya hayashiki. Matangazo ya televisheni ya analojia yalipozimwa Dar es Salaam tarehe 31 Desemba 2012, "king'amuzi" lilikuwa neno la sokoni. Karani wa sensa aliyebisha hodi mwezi Agosti 2022 alikuwa na kishikwambi mkononi. Na katika mkoa huu, ambamo walihesabiwa watu 2,140,497, hakuna mwalimu asiyelijua neno hilo leo. Maneno yote mawili yalishika kwa sababu kila moja lilikuja na kitu chake.

Kwa hiyo napendekeza yafuatayo kwa wafasiri, walimu na maofisa wanaoandika matangazo:

(a) Kinachounganisha simu na mnara kiitwe mawimbi, neno ambalo wasikilizaji wa redio wamelizoea tangu zamani. Katika mazungumzo, "netiweki" iachwe iendelee.

(b) Intaneti iitwe intaneti. Neno limekwisha kuvaa vazi la Kiswahili, wala halihitaji kujificha nyuma ya lingine.

(c) Programu na mashine za ofisi ziitwe mfumo, na mfumo utajwe kwa kazi yake: mfumo wa malipo, mfumo wa usajili wa wakulima.

(d) Kampuni ya simu iitwe kampuni.

(e) "Mtandao" libaki kwa maana ya njia zilizotandwa kuunganisha vitu, na katika habari za ufundi lisiachwe peke yake. Mitandao ya kijamii ina kijalizo chake tayari, wala haina tatizo. Jina la Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 nalo si letu kulibadilisha. Yatosha mwandishi aeleze kosa gani hasa linazungumzwa.

(f) Kila kinapotumiwa kitenzi "kukatika", mwandishi ajiulize kwanza kama hapana aliyekata.

Mapendekezo haya hayagharimu fedha, wala hayadai kamusi mpya. Yanadai tu kwamba bango linalobandikwa mlangoni mwa ofisi lisomeke, kwa mfano: "Mfumo wa malipo umesimamishwa kwa matengenezo hadi saa nane mchana." Bango kama hilo lingempa mzee wa Mwanhuzi jibu la swali lake, naye angeamua mwenyewe kama asubiri au apande gari. Siku ile aliondoka baada ya saa mbili hivi. Mimi niliendelea kungoja, na kabla ya adhuhuri namba zikaanza kutolewa.

Wasomaji walio katika ofisi na shule za mikoa mingine bila shaka wanayo maneno yao kwa mambo haya, na pengine ni bora kuliko haya niliyoyataja. Ingefaa wayalete katika kurasa hizi ili yajadiliwe.