Walimu wa Kitengo

Katika baadhi ya shule za msingi Tanzania, kitengo maalumu cha watoto wenye ulemavu ni darasa moja au mawili pembeni. Baadhi ya walimu wake wamesomea chuo cha ualimu wa elimu maalumu cha Patandi, Arusha, ingawa sidhani kama kuna chuo kinachomzoeza mtu kumbadilisha nguo kijana wa miaka 12 bila kumfedhehesha.

Tazama saa ya uji. Mtoto mwenye mtindio wa ubongo hukalishwa wima, kidevu kikainamishwa kidogo. Uji uwe mzito, maana mwepesi humpalia upesi. Mwalimu husubiri ameze ndipo alete kijiko kingine. Bakuli moja huweza kumaliza nusu saa, na wengine bado wanangoja.

Kufunga shati nako huanzia mwishoni: mwalimu hupenyeza kifungo nusu, mtoto akavuta kumalizia. Akishaweza hilo, huachiwa apenyeze pia. Mtihani wa taifa hauna swali la vifungo.

Mchana mwalimu humwambia mzazi getini, “Mama, leo kafunga viwili. Kesho msimfungie, mwacheni ahangaike mwenyewe.” Mama naye, mwenye genge la kufungua asubuhi, itabidi amwamshe mapema zaidi.