Kijiji cha Desemba na Kisima cha Machi

Nilifika Kipini Agosti 2023 na mabegi mawili, moja la nguo na moja la vitabu. Nilikuwa nimeacha chuo mwaka wa tatu. Karo ilishindikana, na kusema kweli mimi mwenyewe nilikuwa nimeshindikana kabla ya karo. Mama akaniambia, nenda kwa mama mkubwa wako ukatulie. Nilipanga wiki tatu. Sasa ni Machi 2025 na bado niko hapa, mahali mto Tana unapoingia baharini.

Sitaki kukuuzia kijiji. Video za kuku, moshi wa kuni na asali ya Instagram unazo tayari. Ninachotaka kusema kinahusu vitabu. Kwenye begi langu kulikuwa na vitatu nilivyovisoma nikiwa Nairobi na kudhani nimevimaliza: Kichwamaji, Bembea ya Maisha, na Tenzi Tatu za Kale. Nimevisoma tena hapa, msimu baada ya msimu, na nimegundua nilikuwa nimesoma vibaya. Na mahali pengine, vitabu vyenyewe vilinisaidia kusoma vibaya.

Tuanze na Kichwamaji, riwaya ya Kezilahabi ya 1974. Kazimoto ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao Ukerewe likizoni. Kila kijana wa mwaka wa pili anayejiona mwerevu kuliko lecturer wake anampenda Kazimoto. Mimi nilimpenda hadi nikaanza kuongea kama yeye. Anawatazama watu wa kwao, anaona hawaelewani, anaumia. Darasani tulifundishwa kwamba elimu ya kikoloni imemtenga na jamii yake. Sawa. Nilipata alama nzuri kwa hoja hiyo.

Lakini mwezi wangu wa pili hapa nilijiuliza swali ambalo hosteli halikunijia kabisa: Kazimoto yuko pale kwa muda gani? Yuko likizo. Wenyeji wana tarehe ya kupanda, yeye ana tarehe ya kufungua chuo. Mimi pia wiki zangu tatu za kwanza niliwaona watu wa Kipini wamekaa tu. Wavuvi chini ya mwembe, mashua zimepandishwa, saa nne asubuhi watu wanapiga stori. Nikaandika kwenye simu yangu sentensi ndefu ya huzuni kuhusu vijana waliokwama. Ilikuwa kusi bado. Bahari ilikuwa chafu, na mtu mwenye akili zake haingii na mashua ndogo. Kaskazi ilipoingia, wale wale niliowahurumia wakawa wanatoka alfajiri, na mimi ndiye niliyekuwa nimekaa chini ya mwembe.

Ile sentensi niliifuta. Kazimoto hakupewa nafasi ya kufuta zake. Sisemi Kezilahabi hakujua. Alizaliwa Ukerewe, alijua misimu ya ziwa kuliko mimi ninavyojua hii ya bahari, na miaka mitano baadaye aliandika Gamba la Nyoka, ambako macho yake yanakaa zaidi kijijini, kwa watu waliofikiwa na sera ya ujamaa pale walipo. Ninachosema ni kwamba Kichwamaji ni riwaya ya kijiji kama kinavyoonekana na mtu mwenye tiketi ya kurudi. Tukiisoma kama picha ya kijiji chenyewe, kosa ni letu.

Bembea ya Maisha, tamthilia ya Timothy Arege, wengi wenu mlifanyia mtihani. Sara anaumwa. Yeye na Yona wako kijijini, watoto wako mjini, na hospitali nzuri iko upande wa watoto. Tamthilia nzima inabembea kwenye barabara hiyo: nani aende, nani arudi, nani atume pesa. Inauma kwa sababu ni kweli. Nimeona familia tatu hapa wakipita njia hiyo hiyo. Lakini angalia kinachobaki nje ya jukwaa. Kijiji ni mahali wazazi wamebaki. Neno lenyewe, kubaki, ni kama vile kukaa si tendo. Mtu anayetuma pesa anafanya kitu. Mtu anayekaa anasubiri.

Nikueleze kukaa ni nini hapa.

Vuli ya 2023 mvua ilinyesha hadi tukachoka. Mafuriko yalipokuja, mengine hayakutoka juu ya vichwa vyetu. Tana inaanzia mlima Kenya na Aberdare. Mabwawa ya juu, Masinga hadi Kiambere, yakijaa yanamwaga, na baada ya siku kadhaa maji yanatufikia sisi, hata kama kwetu kumeanika. Barabara ya Garsen kwenda Lamu ilikatika. Unga ukapanda bei, boda wakakataa, bando likaisha na hakukuwa na wa kuniuzia. Masika ya 2024 ikarudia yale yale. Na usidhani mto huu haukuhusu. Maji mengi ya bomba la Nairobi yanatoka Ndakaini, Ndakaini ni mto Thika, na mto Thika unaingia Tana. Tunakunywa mto mmoja, wewe ukiwa wa kwanza kuchota.

Halafu kuna upande wa pili. Mwaka huu tangu Januari ni jua tupu. Mto ukipungua nguvu, bahari inaingia. Ozi, juu kidogo ya hapa, wakulima wa mpunga tangu zamani wanategemea bamvua: maji ya bahari yakijaa yanausukuma mto nyuma, maji matamu yanapanda mashambani yenyewe bila pampu. Ujuzi wa ajabu. Lakini mto ukiwa dhaifu, kinachopanda ni chumvi, na mpunga unakauka ukiwa umesimama ndani ya maji. Na msimu huo huo wa ukame ndio mifugo inateremka kutafuta mto. Mwaka 2012 mambo hayo, pamoja na ya ardhi na siasa, yalifika mahali watu zaidi ya mia moja wakauawa katika delta hii, wengine wao Kilelengwani, si mbali na hapa. Hapa kiangazi hakizungumzwi kama hali ya hewa tu.

Nyumbani kwetu kiangazi ni kisima. Mama mkubwa ana presha. Muuguzi alimwambia apunguze chumvi kwenye chakula. Akaitikia vizuri, kwa adabu, na tulipofika njiani akacheka mpaka akashika mti. "Chakula nitapunguza, baba. Kisima nacho nikiambie nini?" Siku hizi tunachota mapema, kabla maji hayajachanganyika sana. Mitungi miwili ya njano, kila asubuhi. Ile kazi aliifanya peke yake miaka yote niliyokuwa nikija kula embe za Desemba.

Ndipo nikafungua tena Tenzi Tatu za Kale, ile iliyohaririwa na Mulokozi, kwenye utenzi wa Fumo Liyongo ulioandikwa na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwaka 1913. Huku Liyongo si somo la shule. Watu wanakuambia alizikwa upande huu, na mikoma inayotajwa mle utenzini unaiona kando ya mto. Hadithi unaijua: jitu la nguvu, mshairi, haingiwi na silaha ila sindano ya shaba ya kitovuni. Mwanawe mwenyewe anamsaliti. Liyongo anatoka nje ya mji, anapiga goti karibu na kisima, anatia mshale upindeni, na anafia hapo hapo, mkao ule ule. Watu wanamwona yuko hai. Siku zinapita, hakuna anayethubutu kuchota maji.

Nairobi nilisoma mwisho huo kama ushindi. Shujaa anatisha hata akiwa maiti. Niliandika neno "taswira" pembeni mwa ukurasa na nikalipigia mstari. Mwezi jana niliusoma usiku, koo ikiwa na ladha ya kisima chetu, na kwa mara ya kwanza macho yangu yalitoka kwa Liyongo yakaenda kwa wale waliosimama mbali na vyombo vitupu. Mji mzima umezuiwa maji. Mfalme aliyenunua kifo hayuko kisimani. Walioko kisimani ni raia. Ukisoma hivyo, utenzi unabadilika. Hauulizi tu nani shujaa na nani msaliti. Unauliza ugomvi wa wakubwa unalipwa na nani, na jibu lake ni mtu mwenye mtungi.

Nilifurahia ugunduzi wangu. Asubuhi yake, tukichota, nikamsimulia mama mkubwa hadithi yote aliyoijua kabla sijazaliwa, nikamalizia na tafsiri yangu. Akasikiliza hadi mwisho.

"Sasa siku zote hizo," akasema, "walikunywa nini?"

Sikuwa na jibu. Nimetafuta utenzini, hakuna. Mama yake Liyongo anaitwa, anambembeleza mwanawe kwa maneno, maiti inaanguka, hadithi inasonga. Lakini walikunywa nini? Kulikuwa na kisima kingine cha maji ya chumvi? Waliteka mtoni usiku? Nani alikwenda? Mtu aliyewahi kukaa hapa mwezi wa tatu hawezi kuacha kuuliza hivyo, na mtu wa wiki tatu hawezi kuanza.

Nina lawama moja, na naielekeza kwetu, waandishi wa umri wangu zaidi ya Kijumwa. Hadithi zetu za kijijini nyingi zina matatu rohoni. Mhusika anateremka kituoni, anaona nyanya amezeeka, kuna siri, kuna mazishi, anapanda matatu. Nimeziandika mbili mimi mwenyewe, na moja ilikubaliwa na gazeti. Nataka riwaya inayoanza vuli na kufika vuli nyingine bila mtu kuondoka, na bado kuna kitu cha kupoteza kila ukurasa. Kitu kipo. Mpunga upo, presha ipo, barabara ipo na haipitiki.

Na mimi nisijitie wenyeji. Nina shahada nusu, simu, na mama Nairobi anayepiga kila Jumapili kuuliza nitarudi lini. Siku maji yakizidi chumvi naweza kupanda basi Minjila nikaondoka. Mama mkubwa anajua hivyo, ndiyo maana hajawahi kuniita mtu wa hapa. Jumapili iliyopita mama alipopiga, nilimwambia nasubiri masika. Hakuelewa, akadhani natafuta kisingizio kingine. Labda ni kweli. Lakini nataka kuonja kisima kile siku mto utakaporudisha nguvu, halafu nisome mwisho wa utenzi mara nyingine.